Bandu Bandu Huisha Gogo

Gogo kubwa likilala uani, mtu hulitazama akadhani kwamba halitakwisha kamwe. Leo hubandua kipande kimoja cha kukokea moto, kesho kipande cha pili, kesho kutwa cha tatu. Hakuna siku hata moja aonayo kwamba gogo limepungua. Lakini iko siku atakayotoka asubuhi na shoka lake mkononi, akute kwamba hakuna gogo tena. Ndiyo maana wazee walisema, Bandu bandu huisha gogo.

Somo letu la leo ni kuitazama methali hii ndani ya jiko la nyumbani. Maana vitu vingi tutumiavyo kila siku, kama kuni, makaa, maji na udongo wa shamba, ni gogo la namna hiyo. Huisha kidogo kidogo, wala hatusikii mlio wa kuisha kwake.

1. Safari ya kuni

Katika kijiji kimoja cha milima ya Usambara, upande wa Tanga, alikuwako msichana wa darasa la sita aliyekaa na bibi yake. Mara tatu kila juma ilimpasa kwenda kutafuta kuni. Aliondoka alfajiri na ngata yake kichwani na panga mkononi, akashuka bonde, akapanda kilima cha pili, akaokota vijiti na kukata matawi makavu, akafunga tita lake, akarudi. Siku nyingine alifika shuleni wenzake wamekwisha fanya hesabu nusu.

Siku moja mwalimu alimwita kando, akamwuliza, "Binti, mbona wachelewa kila mara? Je, huipendi shule?"

Akajibu kwa sauti ndogo, "Naipenda, mwalimu. Nachelewa kwa ajili ya kuni. Zamani tulizipata bondeni, sasa hatuzioni ila ng'ambo ya kilima."

Mwalimu hakumkemea. Alisema, "Nenda nyumbani, ukamwulize bibi yako, yeye alipokuwa msichana alikuwa akiokota kuni mahali gani."

Jioni ile msichana alimkuta bibi yake anapuliza moto, machozi yakimtoka kwa moshi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeshindaje?"

"Salama, bibi. Mwalimu ataka kujua ulikuwa ukiokota wapi kuni ulipokuwa sawa na mimi."

Bibi akacheka, akaelekeza mwiko wake dirishani. "Wauona ule mgomba wa mwisho? Pale ndipo msitu ulipoanzia. Nalikuwa nikitoka hapa chungu kikiwa jikoni, narudi na kuni bado hakijachemka."

"Basi ni nani aliyeumaliza msitu, bibi?"

Bibi akanyamaza kidogo. "Hakuja mwizi, mjukuu wangu. Wengine walifyeka wapate mashamba, wengine walichoma makaa wakauze mjini. Na sisi tuliobaki tulimaliza mabaki, tita kwa tita. Hakuna siku tuliyoona kwamba unakwisha."

2. Moto unaopotea

Kesho yake msichana aliyasimulia maneno hayo mbele ya darasa. Mwalimu akasema, "Msitu hatuwezi kuurudisha leo. Lakini twaweza kujua leo kuni zetu zaenda wapi."

Akawatoa wanafunzi nje. Wakaweka mafiga mahali pawili, na juu yake sufuria mbili zilizo sawa, kila moja na lita 2 za maji. Wakapima vijiti kwa mizani, kila moto ukapewa kadiri ile ile. Sufuria moja ikafunikwa, nyingine ikaachwa wazi. Ile iliyofunikwa ilitangulia kuchemka. Moto ulipozimika, wakapima maji yaliyobaki, wakaona kwamba katika ile iliyokuwa wazi yamepungua zaidi.

"Sasa sikilizeni sababu yake," akasema mwalimu. "Kuyafanya maji baridi yachemke kwahitaji moto wa kadiri fulani. Lakini kuyageuza maji hayo hayo yote yawe mvuke kwahitaji moto zaidi ya mara sita ya ule wa kwanza. Kwa hiyo mvuke uonao ukipaa kutoka chunguni si kitu cha bure. Ni kuni zenu zipandazo mbinguni. Kifuniko huzirudisha chini."

Kisha akawafundisha jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Maji yakisha kuchemka, hayazidi kuwa ya moto hata ukiongeza kuni mpaka ndimi za moto zikalamba masikio ya sufuria. Penye usawa wa bahari maji huchemka katika digrii 100, na huko milimani hupungua kidogo. Hukaa hapo hapo. Moto mkubwa huongeza mvuke tu, wala chakula hakiivi upesi zaidi. Basi chungu kikisha kutokota, ondoa kuni, bakiza moto mdogo wa kukitokosha polepole.

Jambo la tatu ni kuni mbichi. Mti mbichi umejaa maji, na moto hauna budi kuyakausha maji yale kwanza kabla haujaanza kukufanyia kazi wewe. Mtu apikaye kwa kuni mbichi huchemsha maji mara mbili: yale yaliyo katika mti, na yale yaliyo katika sufuria. Kwa sababu hiyo kuni zipasuliwe nyembamba, zianikwe juani, kisha ziwekwe mahali pasiponyesha mvua, au juu ya uchaga karibu na jiko.

La nne ni upepo. Mafiga matatu yaliyo wazi hutupa moto wake pande zote, na sehemu ndogo tu hufika chini ya chungu. Ukilizungushia jiko ukuta wa udongo, ukaacha mlango mmoja wa kutilia kuni na nafasi ndogo tu kati ya ukuta na chungu, moto hukumbatia chungu badala ya kukimbia. Wenye kupikia makaa nao wana jiko lao la bati lililotandikwa udongo wa kuchoma ndani yake. Jiko la namna hiyo lilienea Kenya tangu miaka ya 1980, mfano wake ukiwa umetoka Thailand, nchi ya mbali huko Asia. Udongo ule huzuia joto lisitoke ubavuni, hata makaa hupungua sana. Na makaa yafaa kuhifadhiwa kuliko kuni, kwa kuwa kilo 1 ya makaa huchomwa kwa kilo nyingi za miti.

3. Kikapu kinachopika

Mwisho mwalimu aliwaonyesha kikapu kikubwa kilichoshindiliwa majani makavu, katikati kikiwa na nafasi kadiri ya sufuria, na juu yake mto wa nguo kuukuu uliojazwa majani. "Hiki," akasema, "hupika maharage bila moto."

Wanafunzi wakacheka. Mwalimu akawauliza, "Blanketi lina moto ndani yake?" Wakajibu, "La." "Basi mbona hulala mmejifunika wakati wa baridi? Blanketi halimpi mtu joto, bali humzuilia joto lake lisimtoke. Kikapu hiki ni blanketi la sufuria."

Msichana yule alifurahi mno. Jumamosi akatengeneza kikapu chake, akatia maharage jikoni, akaona mapovu ya kwanza tu, akayaondoa upesi, akayafungia kikapuni. Bibi akamtazama, akasema, "Tangu lini kikapu kikapika?"

Jioni walifungua. Maharage yalikuwa magumu kama changarawe. Ikabidi kuwasha moto upya gizani, na siku ile walitumia kuni nyingi kuliko siku zote. Bibi hakumgombeza, lakini alicheka hata akashika mbavu, na msichana akalala na haya moyoni. Alitaka kukitupa kikapu chake.

Jumatatu alimweleza mwalimu. Akaulizwa, "Uliyaloweka usiku kucha?" "La, mwalimu." "Yalichemka muda gani?" "Kidogo tu." Mwalimu akasema, "Kosa si la kikapu. Maji yalikuwa ya moto, lakini punje zilikuwa bado baridi ndani, zikayanyang'anya maji joto lake. Tena jambo ulilolifanya lina hatari. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ambayo haiondoki ila kwa kuchemka sana. Yaloweke usiku kucha, uyamwage maji yale, utie mapya, uyaache yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili au zaidi. Yakilainika nusu, ndipo uyaweke kikapuni yakiwa yamefunikwa. Na kabla ya kula, uyachemshe tena."

Akafanya vivyo hivyo. Safari hii bibi mwenyewe ndiye aliyefungua kikapu. Mvuke ukampiga usoni, akachukua punje moja, akaibonyeza kwa vidole, ikapondeka. Hakusema neno. Lakini tangu siku ile ndiye aliyekuwa akiloweka maharage kila jioni, wala hakungoja kukumbushwa.

Msichana akaanza kuhesabu. Tita lililokuwa likiisha kwa siku mbili sasa lilifika siku ya tatu, na mara nyingine asubuhi ya nne. Kwa hiyo safari zake za kuni zilipungua, na siku alizozipata alizitumia darasani.

4. Moshi na macho

Tena liko jambo kubwa kuliko kuchelewa shule. Moshi wa jikoni si usumbufu wa macho tu. Huingia kifuani, ukadhuru mapafu na moyo, na wadhurikao zaidi ni akina mama na watoto wachanga wanaokaa karibu na moto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya moshi wa nyumbani.

Basi kuni kavu na jiko zuri huhifadhi msitu, na pamoja na msitu huhifadhi kifua cha mama yako. Jiko liwe na dirisha, au nafasi chini ya paa ya kutokea moshi. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni penye moshi mzito. Na mtu asikoke moto kwa mifuko ya nailoni wala chupa za plastiki, maana moshi wake una sumu. Majani makavu na vibanzi vyafaa zaidi.

Penye uwezo, gesi au umeme ni bora, maana havina moshi jikoni. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilitangaza mkakati wa miaka 10, kusudi ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wakipika kwa nishati safi. Lakini mtungi wa gesi una bei yake, wala haujafika kila nyumba. Mwenye mafiga asikae akingoja. Na aanze na kifuniko.

5. Mama aliyeanza na miche saba

Kupunguza matumizi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurudisha. Kwa habari hii tuvuke mpaka kidogo, twende Kenya, kwa mtu aliyeianza kazi hiyo kwa kuwasikiliza akina mama wa kuni.

Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 huko Ihithe, karibu na Nyeri. Alipokuwa mtoto, mama yake alimkataza kuokota kuni za mgumo mkubwa uliokuwa karibu na kwao, kwa kuwa uliheshimiwa kama mti wa Mungu. Karibu na mti ule palikuwa na kijito cha maji safi. Alisoma sana, hata akavuka bahari kwenda Marekani. Baadaye alirudi mahali pale, akaukuta mgumo umekatwa, na kijito kimekauka.

Akina mama wa mashambani walimweleza shida zao: hawana kuni, hawana maji safi, chakula hakitoshi. Yeye akaona kwamba shida hizo zote zina shina moja. Akawaambia, tupande miti. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miche 7 katika mji wa Nairobi. Si yote iliyopona. Lakini hawakuacha, wakawafundisha akina mama kutengeneza vitalu vyao wenyewe, na kufikia mwaka 2004 miti iliyopandwa ilikuwa zaidi ya milioni 30. Mwaka ule alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, naye alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki mwaka 2011. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, kwa hiyo mwili wake uliwekwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji.

Nyumbani miti ya kuni yaweza kupandwa mpakani mwa shamba. Mgrevilea na mlusina hufaa, maana hukua upesi, na ukiyapunguza matawi yake huchipua tena. Hivyo mtu hupata kuni bila kuua mti. Lakini mkaratusi usipandwe karibu na chemchemi, kwa sababu hunywa maji mengi.

6. Maji na takataka

Maji nayo ni gogo. Nyumba nyingi zina mabati, na mvua ipigayo juu yake huachwa ichimbe makorongo uani. Hesabu yake ni nyepesi. Mvua ya milimita 1 katika eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi paa lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5 ni mita za mraba 30. Ikinyesha mvua ya milimita 10, paa lile hupokea lita 300, yaani ndoo 15 za lita 20. Mlizamu mmoja wa bati na pipa moja huweza kumpunguzia mtoto safari za kisimani. Maji ya kwanza yamwagwe, kwa kuwa huosha vumbi na mavi ya ndege. Pipa lifunikwe, mbu wasizae. Na maji ya kunywa yachemshwe.

Maji yaliyooshea mboga hayamwagwi njiani, bali humwagiwa miche. Maganda ya ndizi na viazi, majani na majivu kidogo vikirundikwa pamoja, vikatiwa maji na kugeuzwa mara kwa mara, huoza vikawa mboji ya kurudisha nguvu ya udongo. Lakini plastiki haiozi. Ndiyo sababu Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu mwaka 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kikapu cha ukindu walichotumia wazee kingali kinafaa, na kikichakaa hurudi kuwa udongo.

7. Mwisho wa habari

Mvua za vuli zilipoanza, msichana alileta nyumbani miche 12 kutoka katika kitalu cha shule, akaipanda mpakani, karibu na mgomba ule wa mwisho. Bibi alikuwa akimtazama.

"Mjukuu wangu," akasema, "mimi sitaokota kuni za miti hii."

"Labda hutaokota, bibi."

"Basi mbona nimekuwa nikiimwagilia tangu asubuhi?" Na kweli, ndoo ya maji ya mboga ilikuwa mkononi mwake.

Miche miwili ilikufa, kumi ikashika. Kumi si msitu. Lakini msitu wa zamani nao haukuisha kwa siku moja, wala si kwa mkono wa mtu mmoja. Kama bandu bandu huisha gogo, basi haba na haba hujaza kibaba. Kila nyumba imo katika methali mojawapo ya hizi mbili, na kila mtoto akishika kifuniko cha sufuria anachagua iwe ipi.

MASWALI

1. Bibi alisema, "Hakuja mwizi." Eleza maana ya maneno hayo.
2. Kwa nini chungu kilichofunikwa huhitaji kuni chache?
3. Mtu anaongeza kuni chini ya maji yanayochemka ili chakula kiive upesi. Mwambie kosa lake.
4. Msichana alikosea wapi alipotumia kikapu mara ya kwanza? Taja makosa mawili.
5. Paa lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Ikinyesha mvua ya milimita 24, ni lita ngapi zitaanguka juu yake? Ni ndoo ngapi za lita 20?
6. Kazi ya nyumbani: Mwulize mzee wa nyumba yenu alikookota kuni au kuteka maji alipokuwa mtoto. Hesabu hatua kutoka nyumbani hata mahali pale, kisha hatua za leo. Andika habari hiyo katika mistari kumi.